Jani la Sale Kwenye Chupa ya Maji

Nina duka la steshenari Singida, karibu na stendi. Fomu zote zinapita mikononi mwangu: za mirathi, za mikopo, za kuomba vyeti vya kuzaliwa. Mtu akipata ajali, ndugu zake huja kwangu kutoa fotokopi ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na kadi ya gari, na mimi huwaambia hata kabla hawajauliza. Msisogeze gari kabla trafiki hajapima. Pigeni picha. Hakikini bima ya yule aliyewagonga. Mtafuteni mtu aliyeona kwa macho yake, mchukue namba yake ya simu. Wananishukuru sana, wananiona mama mwenye akili. Hawajui kwamba hayo yote niliyafanya mimi mwenyewe, sikuruka hata moja, na mguu wa mume wangu ukaunga upande vilevile.

Mume wangu alikuwa dereva wa basi, Singida na Arusha. Miaka minane basi lake lililala Arusha, naye alipanga chumba mtaa wa Sakina kwa mama mmoja mjane, Mmeru, akawa anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki. Baadaye ratiba ikageuzwa, basi likawa linalala Singida, nikampata mume wangu mzima mzima. Tukanunua gari dogo kwa akiba yetu yote, la kwanza na la mwisho. Kondakta wake wa zamani alipotualika kwenye kipaimara cha mwanawe huko Akheri, yeye alifurahi kama mtu anayerudi kwao. Mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga Meru. Nilimsikiliza njia nzima akinieleza mtori wao wa ndizi na nyama ulivyo mzito, watu wao walivyo na adabu, mvua yao isivyokauka.

Ibada ilikuwa ndefu, chakula kilikuwa kingi, na tuliondoka mchana kungali na jua. Tulikuwa tunateremka kuelekea barabara kuu, mume wangu taratibu kabisa, maana yeye gari dogo aliliendesha kana kwamba lina abiria sitini nyuma. Kwenye njiapanda, upande wa kulia, pikapu iliyobeba viti vya plastiki na maturubai ya sherehe ilitoka kwenye barabara ya vumbi. Haikusimama. Nilimwona dereva wake kabla haijatufikia, mzee aliyevaa suti na tai, amekaza mikono kwenye usukani, mdomo wazi. Kisha viti vilimwagika juu yetu.

Ilituingia mlango wa dereva. Mimi nilipata mchubuko wa mkanda begani, basi. Mume wangu aliutazama mguu wake wa kulia chini pale, penye breki na mafuta, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huu umekwenda."

Watu walikuja wengi kwa mara moja. Vijana wa bodaboda walitaka kuliinua gari letu waliweke pembeni ili njia ipite, nami nikasimama mbele yao nikapanua mikono. Nilipiga kelele hadi wakaniacha. Walimtoa mume wangu, wakamlaza kwenye turubai lilelile la sherehe, mmoja akaufunga mguu kwa mbao mbili, na gari halikuguswa. Nilipiga picha kumi na saba. Matairi, vioo, njia ya vumbi, alama za pikapu ambazo hazikuwepo, kwa sababu breki hazikushika. Niliihakiki bima yake kwa simu palepale, ikaonekana hai. Na yule mzee, amesimama katikati ya viti vyake, alisema mbele ya watu wote, "Breki zimekataa. Nilijua zina shida, nikasema nifikishe viti kwanza." Nilikuwa na kijitabu cha ibada mkononi. Niliyaandika maneno hayo nyuma yake, chini ya orodha ya nyimbo.

Aliyekuwa karibu zaidi ni mama mmoja anayechoma mahindi hapo kwenye kona. Aliona yote na kusikia yote. "Dada, huyu mzee ana makosa," aliniambia, "na mimi nitasema popote." Akaniandikia namba yake kwenye kijitabu kilekile.

Trafiki alikuja, akapima kwa futi, akachora. Alikuwa kijana mtaratibu, mwandiko wake mzuri, nikampenda kwa ajili hiyo. Alituandikia PF3 na kuniambia nimpeleke shahidi wangu kituoni ndani ya wiki hiyo aandikishe maelezo. Gari lilikokotwa. Mume wangu alipelekwa hospitali moja mjini, nami nikampigia simu mama mwenye nyumba wa Sakina, ambaye nilikuwa namjua kwa sauti tu. Alinipa chumba kilekile alichokipanga mume wangu miaka minane, na hakutaka hata kusikia habari ya kodi.

Daktari hakunificha kitu. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, chini ya goti na juu kidogo ya kifundo. Alisema ukiwekewa chuma ndani ya wiki mbili utarudi kuwa mguu wa kazi. Ukifungwa plasta tu, utaunga, lakini utaunga unavyotaka wenyewe. Nikamwambia huyu ni dereva wa basi. Daktari akasema, "Basi nimeshakujibu." Bima ya afya hatukuwa nayo, na hiyo ni aibu yangu mimi ninayewajazia wenzangu fomu zake kila siku. Akiba yetu ilikuwa lile gari, na lile gari lilikuwa limekunjamana. Chuma kile kingelipwa na bima ya pikapu; hospitali ingekubali kuanza ikiona barua yao tu. Hakukuwa na njia nyingine, na hiyo ilitaka yule mzee afikishwe kwa hakimu, kwa maelezo ya trafiki, maelezo ya shahidi, na maelezo ya majeruhi. Nilizihesabu karatasi kichwani nikaona zote zinapatikana. Usiku ule nililala vizuri. Najichukia kwa usingizi ule.

Siku ya tatu yule mzee alikuja wodini. Alikuja na wazee wengine wawili na mwanamke mmoja aliyebeba chupa ya chai na hotipoti. Alikuwa na suti ileile. Niliambiwa ni mzee wa kanisa kwao, na kweli alikuwa na ile sauti. Niliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, wakaitikia. Walimpa mume wangu pole, wakanipa na mimi pole. Mwanamke akafunua hotipoti, na harufu ya mtori ikajaa chumba kizima hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

Yule mzee akasema tuombe. Tulifumba macho. Aliomba kwa Kiswahili, kisha akaingia Kimeru, na wazee wenzake wakawa wanaitikia chini kwa chini. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama mbele yangu, ameinama kidogo, na kwenye viganja vyake viwili palikuwa na jani. Jani refu, kijani kibichi, limefungwa fundo katikati. Nilikuwa nimeyaona majani hayo Akheri, yamepandwa mipakani mwa mashamba na pembeni ya makaburi. Nikadhani ni ua lao la kumpelekea mgonjwa.

Mimi ni mtoto wa Kinyaturu. Nimelelewa na bibi ambaye angenichapa kwa fimbo ya mtama kama ningepokea kitu cha mkubwa kwa mkono mmoja. Mtu mzima akikunyooshea kitu kwa mikono miwili, unapokea kwa mikono miwili, unapiga goti kidogo, unasema asante. Nilipokea kwa mikono miwili. Nikapiga goti. Nikasema, "Asante sana, baba."

Wale wazee wawili walishusha pumzi kwa pamoja. Mzee mwenyewe alitokwa machozi, akanishika mkono, hakuuachia kwa muda. Nilimtazama mume wangu nione kama ameguswa na yeye. Alikuwa amegeuza uso ukutani. Nikadhani ni maumivu ya mguu.

Walipoondoka nilikata juu ya chupa tupu ya maji, nikajaza maji ya bomba, nikalichomeka lile jani ndani na kuliweka kwenye kabati la kitanda, karibu na dawa. Kisha nilikula mtori. Ulikuwa mtamu, nikaula mpaka nikakwangua hotipoti. Uliletwa tena kesho yake, na kesho kutwa, pamoja na maziwa mabichi na ndizi za kuiva. Nilianza kusema moyoni, hawa watu kweli wana utu. Nilimpigia simu dada yangu nikamwambia hivyohivyo.

Siku ya sita nilikwenda kwa yule mama wa mahindi ili nimchukue twende kituoni. Nilimpigia simu asubuhi haikupokelewa, nikajua yuko kazini. Nilimkuta kwenye kona yake, moshi machoni. Aliponiona aligeuza mahindi yote, hata ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

"Dada, twende basi," nilimwambia. "Nusu saa tu, nitalipa bodaboda."

"Niende wapi tena, dada? Si mmeshamaliza?"

"Tumemaliza nini?"

"Si umepokea sale?" Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mwongo. "Wewe mwenyewe. Kwa mikono yako, ukapiga na goti. Habari imefika huku siku ileile."

Nilimwuliza sale ni nini. Akanieleza, mwanzoni kwa hasira, halafu polepole, alipoona sijui kweli. Jani lile ni la kuombea msamaha. Aliyekosa akikuletea, na wazee wakiwepo, unaweza kukataa kulishika, na watu wataelewa kwamba jambo bado. Lakini ukilishika umesamehe. Ukishasamehe hufukui tena. Hakuna mtu wa pale atakayesimama kumsema yule mzee, kwa sababu atakuwa anafukua kilichozikwa, na ubaya utamrudia yeye na watoto wake.

"Mimi sikujua," nilisema. "Natoka Singida. Kwetu hakuna jani kama hilo."

"Sasa mimi nitafanyaje, dada? Mimi ninaishi hapa." Alinipa hindi. Nilikataa, akaliweka tu kwenye mkoba wangu, na mkoba unanuka moshi hadi leo.

Nilirudi Sakina moja kwa moja. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua mboga uani. Nilimwaga yote mbele yake, jani, goti, mahindi. Alisikiliza, mikono imesimama juu ya ungo. "Lakini mwanangu," alisema, "mimi nilidhani mumeo alikueleza. Yeye anaijua sale vizuri sana. Aliwahi kugombana na mpangaji mwenzake humu ndani, wakapatanishwa kwa jani hilohilo, hapo ulipokaa."

Niliinuka pale nilipokaa.

Sikwenda hospitali. Nilitaka kwanza kushika kitu ninachokielewa, nikaenda kituoni kwa yule kijana wa mwandiko mzuri. Nilimwambia shahidi ana shida kidogo lakini nitampata, asifunge jalada. Alinitazama kwa huruma, akafungua faili, akaligeuzia kwangu. Mchoro wake ulikuwemo. Picha zangu zilikuwemo, tatu kati ya kumi na saba. Na juu yake kulikuwa na karatasi moja ambayo sikuijaza mimi. Ilisema majeruhi na dereva wa pikapu wamekutana mbele ya wazee na wamesameheana, majeruhi hana madai yoyote dhidi yake. Chini ilikuwa saini ya mume wangu. Naijua saini ile, imo kwenye cheti chetu cha ndoa. Ilikuwa imeandikwa siku ya nne, mchana, wakati mimi niko Sakina nafua mashuka yake.

"Mama, kwani hamkuzungumza wenyewe?" aliuliza yule kijana.

"Mzee atafanywa nini?"

"Ataandikiwa faini ya gari bovu."

"Na bima?"

Aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi. "Watauliza wanamlipa nani, mama, na wenyewe mmeandika hamna madai."

Niliomba nakala. Nilimwambia nitatoa fotokopi mwenyewe.

Wodini, mume wangu alikuwa amekaa, mto mgongoni, anakunywa maziwa ya yule mzee. Nilimwekea karatasi miguuni, kwenye ule mguu mzima. Aliisoma kana kwamba haijui.

"Ulijua jani lile ni nini," nilisema.

"Nilijua."

"Ukaniona nanyoosha mikono."

"Nilikuona."

"Ungesema neno moja tu. Ungesema, mama, subiri. Ungekohoa!"

Akashusha kikombe. "Ningekuambia, ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Mbele ya wazee watatu. Mzee analia, amenyoosha mikono, na wewe unakataa." Alitikisa kichwa. "Mimi nimeishi na watu hawa miaka minane. Nilipougua tumbo walinibeba. Sikuweza kukataa, na kwa mkono wangu sikuweza kupokea, kwa sababu nautaka mguu wangu. Basi nikageukia ukutani. Wewe ukapokea. Kesho yake walipokuja na karatasi nikaona, mke wangu ameshasamehe, mimi ni nani?"

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi mno. Alijificha nyuma ya adabu yangu. Mtu mzima, dereva wa abiria sitini, alishindwa kukata shauri juu ya mguu wake mwenyewe, akaiacha mikono yangu ikate bila mimi kujua, halafu akatia saini juu yake. Nililichomoa lile jani kwenye chupa. Lilikuwa bado bichi, fundo lake halijalegea. Nikalitupa kwenye ndoo ya takataka pamoja na pamba na sindano.

"Hata ukitupa," alisema mume wangu kwa upole, "ulishapokea."

Nilijaribu. Nilikwenda Akheri kwa yule mzee, peke yangu, nikamwambia nilikuwa sijui. Alinikaribisha kitini, akanipa chai, akanisikiliza hadi mwisho. Alisema anaelewa. Alisema hata yeye halali. Alikuwa na ng'ombe wawili, nyumba ya mbao, migomba, na ile pikapu iliyokunjika pua. Aliniahidi maziwa na chakula mpaka mgonjwa atoke, na akatimiza, hakukosa hata siku moja. Nilipotaja bima alisema kwa upole kwamba bima haiwezi kulipa bila yeye kusimama mbele ya hakimu, na watu wa kwao hawataelewa mtu aliyesamehewa anakwendaje tena kujishtaki. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mbaya ningejua pa kuuweka uchungu huu.

Wiki mbili ziliisha. Mguu ulifungwa plasta. Ulipofunguliwa ulikuwa umeunga, kama daktari alivyosema, unavyotaka wenyewe: kidole gumba kinatazama nje, na kifundo hakikunjiki. Kampuni ya mabasi ilimpa kazi ya kukatisha tiketi stendi. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara kutoka dukani kwangu. Alfajiri, basi la Arusha linapoondoka, hutoka nje akichechemea, akazunguka basi lote, akagonga tairi moja moja kwa fimbo, kana kwamba ni yeye atakayeliendesha. Dereva mpya humwacha afanye hivyo, kwa heshima. Mimi hutazama mashine yangu ya fotokopi.

Kila Krismasi yule mzee hupiga simu. Mume wangu huiweka sauti kubwa, wanacheka, wanaulizana mvua, ndizi, wajukuu. Mwishoni yule mzee husema, "Nipe mwanangu nimsalimie," na mume wangu huninyooshea simu. Huinyoosha kwa mikono miwili. Sijui kama anafanya makusudi, sijawahi kumwuliza.

Sikumsamehe yule mzee. Mume wangu ndiye hasa sikumsamehe. Lakini mikono yangu ni ya bibi yangu, huinuka yenyewe.

"Shikamoo, baba," nasema.

"Marahaba, mwanangu. Mguu unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri, baba," namjibu, na mume wangu ananitazama, anatabasamu, ananishukuru kwa macho.